Mapambano Ishirini na Mawili Bila Kapya

Donat Mwenze alikuwa ameegemea kiti cha Liévin kinyozi, uso wote umefunikwa taulo la moto, aliposikia watu wakimjadili kana kwamba hayupo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 1954, katika Cité Albert, mtaa wa Waafrika wa mji wa Élisabethville. Donat alifua chuma katika karakana ya reli, na kwa miaka sita alikuwa bingwa wa ngumi wa uzito wa juu wa mji mzima. Alipigana mara ishirini na mbili, hakushindwa hata mara moja.

"Ishirini na mbili, sawa," alisema Paulin, karani wa stesheni ambaye hakukosa pambano. "Lakini alipiga nani? Mupishi wa misheni. Askari moja mwenye kikohozi. Na ule fundi wa matofali, alimupiga mara tatu! Muntu mumoja, mara tatu!"

"Bingwa anapiga ule banamuletea," alijibu Gérard, fundi cherehani. "Kosa yake iko wapi?"

"Kosa iko kwa Kapya wa Kasomeno. Kapya alimuita mara mbili. Ya kwanza, Donat akasema mukono inauma. Ya pili, iko na ubatizo ya mutoto. Na Kapya amepiga bantu kumi na ine, hata mumoja hakufika raundi ya sita! Donat anamukimbia, basi."

Liévin akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyemwelewa.

Chini ya taulo, Donat alitamani kuinuka amkamate Paulin shingoni. Ubaya ni kwamba Paulin alisema kweli. Mkono haukuuma. Alimwona Kapya mara moja tu, katika soko la Kasomeno, akipakia magunia ya samaki wakavu kwenye lori, gunia kila bega, huku akipiga soga kama aliyebeba mito ya kulalia. Tangu siku ile, jina la Kapya likitajwa, alitafuta sababu ya kuondoka.

Akaliondoa taulo. Gérard alitazama viatu vyake.

"Ba Paulin, iko kweli," alisema Donat. "Nilimuogopa. Mumutumie habari. Dimanche ya mwisho ya mwezi huu, kama anakubali, mi niko tayari."

Nyumbani, mkewe Edith alimsikiliza bila kuacha kusonga ugali wa bukari.

"Baba Virginie, juu ya nini sasa?"

"Juu nimechoka kuogopa."

Edith alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mi nilijua ile mukono haikuuma. Ile siku ulipasua kuni mupaka jioni!"

Jumapili hiyo ilipofika, uwanja ulijaa hadi watu wakapanda ukutani. Kapya aliletwa na lori lenyewe la samaki, pamoja na watu arobaini wa Kasomeno waliokuwa wakiimba. Alimsalimu Donat kwa heshima, kwa mikono miwili. Kisha kengele ikalia.

Raundi mbili za kwanza Donat alirudi nyuma tu, akizunguka ulingo. "Anakimbia!" watu walipiga kelele. Katika raundi ya tatu mkono wa kushoto wa Kapya ulimpata shavuni, na bingwa akajikuta amekaa chini.

Hakuwahi kuanguka maishani. Aliona mbingu nyeupe, akamsikia mwamuzi akihesabu, akaonja damu mdomoni. Alijisikiliza mwili mzima akitafuta lile jambo la kutisha alilolikimbia miaka miwili, asilione. Miguu ilikuwepo. Mikono ilikuwepo. Ni hili tu? alijiuliza. Mwamuzi alipofika sita, Donat alikuwa amesimama, na Edith, aliyekuwa amefumba macho, alilazimika kuambiwa na jirani yake ayafumbue.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma tena. Aliingia ndani kabisa, kifua kwa kifua, akapiga mbavu kama anavyofua chuma: ngumi fupi fupi, mahali palepale. Kapya alimrudishia, na jicho moja la Donat likavimba hadi likafumba. Raundi ya sita pumzi ya Kapya ilianza kusikika mpaka viti vya mbele, maana hakuna aliyewahi kumfikisha huko. Raundi ya nane mkono wake wa kushoto ukashuka kidogo. Donat akapitisha wa kulia juu yake, ukatua kidevuni. Kapya akapiga magoti. Alijaribu kuinuka mara mbili. Mwamuzi akamaliza kumi.

Uwanja ulilipuka. Paulin alikuwa wa kwanza kuruka kamba, kofia imempotea, analia waziwazi. "Bantu ya Élisabethville, muone! Leo iko bingwa! Leo!"

Donat alimpita, akaenda kumshika Kapya kwapani na kumwinua.

"Yaya," alisema Kapya akihema, akimwita kaka mkubwa, "umenichelewesha miaka mbili. Sasa ukuye kwetu Kasomeno, turudie."

"Nitakuya," alijibu Donat, na safari hii hakutafuta sababu yoyote.

Watu waliwabeba wote wawili mabegani, watu wa Kasomeno na wa Cité wakichanganyika, wakaingia barabarani kwa nyimbo. Mbele yao wote alikuwa Edith, viatu mkononi, akicheza katikati ya njia, na baiskeli na magari yakimsubiri apite.