Picha Iliyotoka Vizuri

Célestine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kasenga, mtaa wa Uvira, na kupiga picha alijifunzia nyumbani, jikoni mwake. Mwaka wa uhuru, mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao alimwachia kamera na kitabu cha Kifaransa cha mafunzo. Dawa za kusafishia picha aliziagiza Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Jumapili, baada ya misa, aliziba dirisha la jiko kwa blanketi, akamimina dawa kwenye sahani, akahangaika nazo.

Kwa muda mrefu hakuna kilichofaa. Nyuso zilitoka nyeusi kama masizi, au zilififia hata mwenyewe asijitambue. Mumewe Norbert, karani wa bandari ya Kalundu, alimcheka: "Weye, uko unaharibu watu!" Célestine alikisoma kitabu mpaka kurasa zikalegea, ndipo akaelewa kwamba kosa ni jua. Alikuwa akiwasimamisha watu uani mchana wa jua kali. Kitabu kilisema umketishe mtu kando ya dirisha, upande wa pili utundike shuka jeupe, limrudishie mwanga usoni.

Wa kwanza kuketishwa hapo alikuwa Damien, mdogo wake. Ilikuwa mwaka 1964, waasi wa Simba wameshika Uvira, naye Damien amejiunga nao. Alikuja na utepe wa ngozi ya mnyama kichwani, kifua mbele.

"Yaya," alimwambia dada yake, "nipige foto. Mama aone mutoto yake iko mwanaume."

"Tulia basi. Usicheke."

Picha ilipoibuka ndani ya dawa, Célestine alipiga kigelegele peke yake gizani. Kila kitu kilikuwapo: ndevu changa, kovu juu ya nyusi, hata ule ukaidi wa mdomo. Akaitundika sebuleni, majirani wakaja kuitazama.

Miezi michache baadaye jeshi la serikali lilirudi. Damien alitupa utepe, akanyoa kichwa, na Norbert akamwingiza kati ya wapakuzi wa Kalundu kwa jina la Pierre. Mama yao, aliyekuwa akiishi nao, aliishusha picha ukutani mwenyewe.

"Ichome, Célestine. Leo."

"Ndiyo, mama."

Hakuichoma. Alisogea nayo hadi kwenye makaa, akaitazama, mkono ukakataa. Alikuwa hajapata nyingine kama ile. Akaiingiza chini ya godoro.

Askari walipopekua Kasenga nyumba kwa nyumba, waliligeuza godoro hilo. Luteni wao, aliposikia mwenye nyumba ni karani wa bandari, alikwenda na picha huko, akawapanga wapakuzi, akapita akilinganisha uso na uso. Kwenye kovu alisimama. Damien walimpiga risasi palepale ufukweni, na Norbert wakamfunga kwa kumficha.

Kesho yake luteni aligonga mlango, picha mkononi.

"Nani alipiga hii?"

"Ni miye."

"Iko safi sana. Hata Léopoldville sijaona hivi." Akavuta kiti mwenyewe hadi dirishani, akaweka bastola mapajani. "Nipige na mimi. Ikitoka muzuri, bwana yako atarudi."

Mama alikuwa kizingitini, anatazama. Célestine akatundika shuka.

Jikoni, mbele ya dawa, aliwaza kuiharibu picha ya luteni. Ingetosha kuiacha izame mpaka ule uso uungue, uwe mweusi. Akamfikiria Norbert, akaitoa kwa wakati wake. Ilitoka vizuri kuliko ya Damien. Luteni aliifurahia, akasema atamtumia mke wake.

Norbert alirudi hana meno ya mbele. Jioni ileile mama alifunga vitenge vyake ndani ya shuka, akashika njia ya Kavimvira avuke kwenda kwa dada yake Burundi. Célestine alimfuata mpaka kwenye kizuizi cha mpaka, akamshika mkono.

"Mama, ningefanya nini? Wangemuua Norbert."

Mama aliutoa mkono polepole, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba.

"Walimuua mutoto yangu," alisema. "Na weye ukamuambia yule muntu ageuze uso kidogo, mwanga umukae vizuri. Nilikusikia."

Akainama chini ya mti wa kizuizi, akapita.