Kichwa Kisichonyamaza

Kavutha alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji cha Kalama. Mwaka ule wa 2003, serikali ilipofanya elimu ya msingi kuwa ya bure, darasa lake la watoto arobaini liligeuka kuwa la watoto mia moja na wanne. Walikaa sakafuni, wakakaa dirishani, wengine wakabanana hadi miguuni pake. Kufikia Juni kichwa kilikuwa kikimgonga kila siku. Alipokwenda kliniki mjini, daktari alimpima mara mbili, akakunja uso. Presha ilikuwa imepanda.

"Utameza hizi dawa," daktari alimwambia. "Lakini pia, mwalimu, tafuta njia ya kutuliza akili."

Njia aliipata kwa Pauline, muuguzi wa makamo ambaye watu walimwita sista, kama waitwavyo wauguzi, na aliyewakusanya kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa parokia, wakae kimya dakika ishirini. Pauline aliliita zoezi hilo kutafakari. Maagizo yake yalikuwa machache: keti wima, fumba macho, fuata pumzi yako, tuliza akili.

Kavutha hakuwa mtu wa kuanza kazi akaiacha katikati. Alifumba macho, akaiamuru akili itulie. Akili ikamuuliza kama chaki zingefika Ijumaa. Akaifukuza. Ikarudi na yule mtoto anayeandika tano kinyumenyume. Akaifukuza tena. Ikamletea paa la jikoni linalovuja, ikamletea na mkutano wa wazazi. Pauline alipogonga meza kuashiria mwisho, Kavutha alikuwa amechoka zaidi kuliko alivyoingia.

Aliyemuudhi zaidi ni Ndeti, mpima ardhi mstaafu aliyekaa akimwelekea. Mzee huyo alikuwa ametulia tuli, uso laini, hata nzi alipotua kwenye paji lake hakushtuka. Kavutha alikuwa akimchungulia kwa wivu. Wenzangu wanaweza, alijiambia. Ni mimi tu nisiyeweza.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Akaamua kujizoeza nyumbani. Alasiri moja aliingia stoo, akaurudisha mlango na kukaa juu ya gunia la mahindi. Hazikupita dakika tatu, wifi yake Nduku akausukuma mlango.

"Mama Masila! Unafanya nini huku peke yako?"

"Najaribu kutoa mawazo kichwani."

"Yote?" Nduku alishika kiuno. "Na kichwa kikishabaki kitupu, unajua nani ataingia? Mchungaji wetu alituambia hayo mambo ni kukaribisha pepo."

"Pepo atapita wapi, Nduku? Humu kumejaa, hakuna hata pa kusimama!"

Hakuwa akitania. Alitoka stoo akampita wifi yake, na jioni hiyo akawakaripia Masila na wanawe wengine kwa kosa dogo la kumwaga maji.

Jumamosi ya tano ndipo mambo yalipomwagika. Dakika kumi hazijafika, Kavutha alijikuta akipanga upya madawati ya darasa zima, safu kwa safu. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mimi nimeshindwa!" alisema kwa sauti, na watu wote wakafumbua macho. "Nyinyi mnakaa hapa vichwa vyenu vimenyamaza, na changu ni kelele tupu. Wiki tano! Nisamehe, sista Pauline, hii kitu si ya watu kama mimi."

Ndeti akakohoa.

"Mwalimu, changu kimenyamaza nani alikuambia? Mimi saa hii nilikuwa nabishana na jirani yangu juu ya mpaka wa shamba. Nilikuwa karibu kumshinda."

"Mimi nilikuwa napika," alisema Kasyoka, mama wa kwaya, na ukumbi mzima ukacheka.

Kavutha hakucheka. Machozi ya hasira yalimlenga. "Kwa hivyo nimejitesa bure? Sista, si ulisema tutulize akili?"

Pauline aliinua kile kiti, akakisimamisha taratibu. "Nilisema vibaya," alijibu. "Hakuna mtu anaweza kuzuia akili isifikirie. Ikienda, unajua imeenda, unairudisha kwenye pumzi. Basi. Ikienda mara mia, unairudisha mara mia. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Wewe umekuwa ukiifanya, ila umekuwa ukijichapa kila mara."

"Ungesema hivyo siku ya kwanza!"

"Kweli, ningesema. Nilidhani mnajua."

Kavutha alichukua mkoba wake akaondoka kabla ya wengine. Njiani alikuwa bado amekasirika, kwanza na Pauline, kisha na zile Jumamosi tano ambazo angezitumia kufua nguo. Alipofika karibu na shule alikumbuka kwamba kila siku watoto mia moja na wanne humtoroka kwa macho wakitazama nje, naye huwaita kwa majina, mmoja mmoja, bila kumwambia yeyote kwamba ameshindwa na shule. Wazo hilo halikumfurahisha. Lilimfanya ajione mjinga.

Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata alirudi, akaketi pembeni ya Ndeti bila kumsalimu mtu. Akili yake iliondoka kabla hata hajafumba macho vizuri. Akairudisha. Ikaondoka tena. Mwezi wa Agosti daktari alimpima, akasema presha imeshuka kidogo, asiache dawa. Kidogo tu, Kavutha alinung'unika, akaondoka kwenda kusahihisha madaftari.