Nyumba Hukaa Mpaka Bia Ipate Joto

Saa tisa alasiri, mwezi wa saba, wakati vumbi la Makebuko, Burundi, linapopanda hadi kwenye kope, Egidius aliifungua chupa yake ya kwanza kwa meno. Kifungulio alikisahau katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, alikokaa na mama yake, Theodosia, tangu warudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Bia ilisema pss, povu likapanda, na nyumba ikaja.

Ilisimama katikati ya shamba la mihogo la Leonardi: matofali mabichi, mlango wa buluu, baraza la kutosha watu saba wasiogombana. Haikung'oa mhogo hata mmoja. Mingine ilibaki imesimama sebuleni, imetulia kama wageni waliofika mapema. Egidius aliitambua mara moja. Ilikuwa nyumba ya marehemu baba yake, iliyochomwa mwaka wa tisini na tatu yeye akiwa mgongoni kwa mama. Kule kambini Theodosia alimsimulia ule mlango kila jioni, pale ambapo mama wengine walisimulia sungura.

Akaketi barazani akanywa. Bia ilikuwa nyepesi, rangi ya nyasi za kiangazi, ikipita kooni kama upepo wa bondeni, na nyuma yake uchungu kidogo, wa adabu. Ilipopata joto mkononi, nyumba ikaondoka, naye akajikuta amekaa chini, suruali imejaa vumbi.

Bia hiyo aliipika mwenyewe kwa maji ya chemchemi iliyo chini ya shamba, ambayo ni ya kila mtu. Mapipa aliyazika kando ya maji, maana bia ya namna ile hutaka baridi na subira, na usiku wa kiangazi Gitega una baridi ya kugawa. Shayiri na chupa tupu zilitoka Muyinga kwa Sefu, mfanyabiashara mwenye kofia ya kufuma kichwani, ambaye hajawahi kuonja bia na hana mpango huo. Walijuana siku malori ya warejeaji yaliposimama Muyinga watu wanywe maji. Sefu alimuuzia Egidius biskuti, kisha akamwonea huruma akamwongeza moja.

Pale sokoni walioizoea pombe ya ndizi waliicheka.

"Hii si bia," alisema mama mmoja muuzaji. "Hii ni maji yaliyopishana na bia njiani."

Akaimaliza, akaomba nyingine ili ahakikishe. Habari za nyumba zilipoenea, watu waliuliza tu kama ina choo.

Theodosia alitaka kitu kimoja: kulala katika kiwanja chake. Kulima hapana, miguu ilishakataa; kulala tu. Leonardi naye alikuwa na nyumba yake huko juu ya kilima. Hilo shamba alipewa na wakubwa wakati wa vita, wenye kiwanja wakiwa ukimbizini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyekwisha kaa. Kesi ikapelekwa kwa wazee wanaoamua mambo ya kilima, na Egidius akaomba isikilizwe palepale shambani. Alipandisha kreti nzima kutoka shimoni, ili nyumba isije ikawaondokea katikati ya maneno.

Wazee walikuja watatu, wakiongozwa na Urbano. Sefu, aliyefika asubuhi na chupa zake, alikaa upande wa mashahidi. Egidius akafungua, nyumba ikaja, na Urbano akasogeza kiti chake kuipisha nguzo.

"Nyumba iko bien," alisema Sefu, "lakini mlango iko inalia. Mutie mafuta kidogo."

"We umekunywa?" aliuliza Urbano.

"Mi sikunywake, mzee."

"Basi nyamaza. Shahidi gani anakuja na koo kavu?"

"Na macho yangu?"

"Nayo itulie."

Egidius alimimina glasi ya kwanza, akaishika kwa mikono miwili, akampelekea Leonardi. "Karibu, mzee wangu. Anza wewe."

Theodosia akafumba macho. Katika vilima vile mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, wageni waone kwamba hamna sumu, ndipo awape. Lakini Egidius alikulia kambini, ambako hakuna aliyekuwa mwenye nyumba. Mama alimfundisha mlango, madirisha, hata msumari wa kutundikia kofia. Alisahau kumfundisha kunywa.

Leonardi alipiga funda, akafuta povu la mdomoni, akaipitisha glasi kwa Urbano. "Haina neno. Munywe."

Wakanywa taratibu. Upepo wa bondeni ukazunguka barazani. Mzee mmoja alisinzia kidogo akitabasamu. Mwishowe Urbano akakohoa.

"Nyumba tumeiona. Ni nzuri. Na mwenyewe tumemwona akionja."

"Mzee, mimi nilimkaribisha tu!"

"Na umefanya vizuri. Mgeni hamtangulii mwenye nyumba."

"Egidi, we!" Sefu alijipiga paja. "Si ungelamba hata povu! Wazee, nyumba ni ya baba yake, kila mtu anajua!"

"Kila mtu anajua," alikubali Urbano, akajaza glasi yake.

Theodosia aliinuka, akajifunga kitenge vizuri, akapita kati ya wazee hadi mlangoni.

"Mama, hii ni chupa ya mwisho. Inapata joto."

"Nimesikia."

"Nyumba itaondoka."

"Niliikimbia mara moja, mwanangu. Sina miguu ya mara ya pili."

Akaufunga mlango wa buluu. Kutoka ndani wakasikia ufagio ukipita kati ya mihogo ya sebuleni. Egidius aliizungushia chupa kitambaa kibichi, akaipepea kwa jani la mgomba, akaiweka kivulini. Bia ikapata joto kama kawaida yake. Nyumba ikaondoka na ufagio wake. Leonardi akamsaidia Sefu kukusanya chupa.

Sasa kila Jumapili, baada ya misa, Egidius huomba ruhusa ya kuingia shambani, na Leonardi hamnyimi. Hushuka mwenyewe na viti viwili. Chupa ikifunguliwa, Theodosia hutokeza dirishani, akauliza bei ya chumvi, akamwambia Leonardi akung'ute miguu, na Leonardi hukung'uta. Mama anasema analala vizuri. Amenenepa kidogo.

Jumapili iliyopita Egidius aliuliza kama naye anaweza kuingia, hata kwa chupa moja tu.

"Mimi nisingekataa," alisema mama yake, akimwonyesha Leonardi kwa kidevu. "Muulize mwenyewe."

Leonardi aliitazama bia yake juani, akasema ni jambo la kufikiria.