Ziwa Lililokatazwa

Nyumbani walimwita Hamira, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufuga chembe za hamira maabarani, na shemeji yake hakuchoka kumuuliza mkate utaiva lini. Alichunguza jambo dogo: protini inayokaa juu ya jeni kama kidole kwenye swichi, huku protini nyingine imeibana. Chembe ikipata sukari itokanayo na maziwa, ile inayobana hulegea, jeni huwaka, na sukari huanza kuvunjwa.

Asubuhi hiyo dada yake mdogo alipiga simu kutoka wodini.

"Kaka, mtoto amekuwa manjano. Kila akinyonya anatapika. Ni kama yule wa kwanza."

Yule wa kwanza walimzika hajamaliza mwezi.

Mbele ya Hamira palikuwa na chembe alizoziondolea jeni moja tu, ile ya hatua ya katikati ya kuvunja sukari. Alikuwa amezipa sukari ile ile. Swichi iliwaka, kazi ikaanza, ikakwama njiani, sumu ikajaa. Zote zilikufa huku zikila. Alikimbilia wodini na koti la kazi mwilini.

"Mwachishe ziwa," alimwambia dada yake, akihema.

"Amebaki mifupa, nawe wataka nimnyime?"

Mama yao, aliyekaa kando ya kitanda, alimshika Hamira mkono. "Mwanangu, tangu lini ziwa la mama likaua?"

"Sina hakika, mama. Nikikosea, lawama ni zangu. Lakini tukingoja tutazika tena."

Daktari aliyemtibu mtoto alimsikiliza hadi mwisho. "Hata mimi ini lake linanitia shaka," alisema. "Tutapima damu. Kwa sasa apewe maziwa ya soya."

Mtoto alililia ziwa mpaka sauti ikamkauka. Dada aligeukia ukutani, blauzi imelowa maziwa, akiuma ncha ya shuka. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Majibu yalikuja: jeni ile ile ilikuwa mbovu mwilini mwa mtoto. Manjano yalififia polepole, mtoto akaacha kutapika.

"Kwa hiyo yule mwingine nilimuua mimi," dada alisema.

"Hukujua. Hakuna aliyejua."

"Nilimbembeleza anyonye, kaka. Alikuwa akikataa."

Hamira alimchukua mtoto, akampa chupa, dada yake akalia mpaka akapitiwa na usingizi.