Ufa Juu ya Kofia ya Chuma

Sarafu arobaini na tatu zilitoka chini ya sakafu ya duka la sabuni la Haji Munif, zikiwa zimeshikamana kama tende zilizosahauliwa katika gunia. Zilikuwa nyeusi na kijani, kila moja imevaa gamba gumu la kutu. Katika chache ambazo gamba lilikuwa jembamba ulionekana msalaba upande mmoja, upande wa pili kichwa cha askari mwenye kofia ya chuma, na ukingoni, kwa herufi za Kilatini, jina la Antiokia.

"Basi ni za Antiokia," alisema Haji Munif. "Imekwisha hiyo."

"Haijaisha, Haji. Bwana yuleyule wa Vita vya Msalaba alitawala Antiokia na alitawala hapa Tarabulus. Jina ni la ufalme wake, wala halituambii nyundo ilipigiwa wapi."

"Binti wee, wale watu wa Antiokia wametunyang'anya kunafa, tamutamu yetu ya jibini, wakauambia ulimwengu ni yao. Leo unataka kulipiza kwa kuwachukulia pesa?"

"Nataka kujua zilifuliwa wapi."

Alinitazama, kisha akaweka mkono kifuani. "Zikiwa zetu, wallahi siziuzi. Zitakwenda makumbusho na jina la mji huu juu yake. Zikiwa zao, Alhamisi mtu wa Beirut anazinunua, na akitaka kuzitawanya dunia nzima, shauri yake."

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia, na niliamini, kama ninavyoamini hata sasa, kwamba mji ulioibiwa kila kitu una haki ya kurudishiwa walau ukweli. Umeme ulikuwa umekatika kwa wiki kadhaa, na profesa wangu alikuwa amehamia ng'ambo bila kutuaga. Aliniachia urithi mmoja: kabatini mwa idara yetu kulikuwa na kipande cha madini ya risasi kilichochimbwa Mina, mahali uliposimama mji wa zamani kabla haujabomolewa. Mafundi wa sarafu walikuwa wakijaribu mihuri yao ya chuma juu ya risasi kabla ya kugonga sarafu zenyewe. Sarafu husafiri, profesa alizoea kusema, lakini risasi ya majaribio hubaki pale ilipotupwa. Kipande chetu kilikuwa na kichwa kilekile chenye kofia, na juu yake ufa mwembamba kama unywele, kutoka ncha ya kofia hadi ukingoni. Muhuri ule ulikuwa umepasuka. Ningepata sarafu moja tu yenye ufa uleule, ningekuwa nimethibitisha kwamba iligongwa kwa muhuri uliokuwa Tarabulus.

Haji hakutaka sarafu zitoke sokoni. Zikawekwa kwa ami yangu Wajih, ambaye sokoni waliita Abu Samih, mfua shaba mwenye sanduku la chuma na mlango unaoingiza jua hadi saa nane mchana. Nilikaa pale siku tatu na mwiba wa nungunungu, nikiondoa gamba la sarafu moja, chembe baada ya chembe. Uso wa sarafu ya namna ile haukai kwenye shaba tena, maana shaba ya juu yote imegeuka kutu. Umehifadhiwa ndani ya gamba lenyewe, kama alama ya mguu kwenye tope lililokauka.

"Kwa mwendo huo," alisema ami, "utamaliza nikiwa nimeshasaliwa na kisomo cha arobaini kimepita."

"Ishi tu, ami. Nitaongeza kasi."

"Nipe moja nikuonyeshe kazi."

"Usiziguse, ami. Tafadhali."

Akacheka. Kwa miezi miwili hakuna aliyemletea hata sinia.

Jumanne adhuhuri, juu ya kofia, mstari ulijitokeza. Ulikuwa mfupi kuliko punje ya ufuta, kisha ukazama chini ya gamba. Niliinua kichwa, nikamwita ami aje aone.

"Ichukue hiyo moja ukaimalizie nyumbani," ami alisema. "Mimi simwambii mtu."

"Hazina haigawanywi, ami. Ikitoka moja, nyingine zinapoteza ushahidi wao." Nikairudisha pamoja na zile nyingine. Nilijiona mwadilifu sana.

Jumatano nilikwenda chuoni kukichukua kipande cha risasi. Kulikuwa na mgomo, na mlinzi mwenye ufunguo alikuwa kwenye foleni ya mkate. Niliporudi sokoni, kipande kikiwa ndani ya pamba mfukoni mwangu, ilikuwa saa tisa imepita. Ami alisimama mlangoni amevaa shati safi.

"Funga macho," alisema.

Nilipoyafumbua, sarafu arobaini na tatu zilikuwa zimepangwa juu ya sinia, nyekundu, zinang'aa kama vifungo vipya.

"Mfua shaba harudishi kitu kikiwa cheusi," alisema. "Baba yangu angenikata mkono. Nikajisemea, mtoto anahangaika na mwiba, na kesho ndiyo Alhamisi. Nilikuwa na chupa moja ya tindikali, naiweka kwa masinia ya harusi. Nikasema, harusi gani tena? Nikazichovya, nikazisugua kwa mchanga. Kazi ya saa moja!"

Nilichukua moja, nikachukua nyingine. Zilikuwa vibapa laini. Hapa kivuli cha msalaba, pale nukta iliyowahi kuwa jicho. Ile yangu sikuweza hata kuitambua. Nilikitoa kipande cha risasi, na yule askari wa Mina, mwenye ufa wake juu ya kofia, akawa ndiye pekee mwenye uso miongoni mwao wote.

Haji Munif aliingia akiwa bado na unga wa sabuni mikononi. "Haya, binti. Zetu au zao?"

Ningeweza kusema ni zetu. Mstari nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Lakini macho ya mtu mmoja si ushahidi, na kama ningeanza na uwongo nisingekuwa na cha kuurudishia mji huu.

"Haiwezekani kujua tena, Haji."

"Haiwezekani vipi?" ami aliruka. "Sasa si ndiyo zinaonekana!"

Haji alilitazama sinia, akanitazama mimi, akaelewa. Akamshika ami bega na kusema, "Mikono yako ni dhahabu, Abu Samih," kisha akatoka.

Alhamisi mtu wa Beirut aligeuza sarafu mbili kwa kidole, akaziacha, hakusubiri kahawa. Haji alituachia sinia lote.

Nilikaa mlangoni na daftari, kwa sababu kila kilichopatikana lazima kiandikwe. Katika safu ya mahali pa kufuliwa niliandika: haijulikani. Nikaandika tena chini yake, na tena, mpaka namba arobaini na tatu.

Ami aliniletea chai, akakaa kando yangu. Tangu asubuhi alikuwa akiimba taratibu.

"Mwanangu," alisema, "zikipatikana nyingine, niletee mimi. Usimpe mtu mwingine."

"Sawa, ami," nilisema.