Kilio cha Mwinjilisti Asajile

Mwaka ule wa 1947, Tulinagwe wa Isongole alifiwa na mwanawe wa pekee, Watson, aliyeangukiwa na mwamba katika migodi ya shaba huko Rodeshia ya Kaskazini. Habari ililetwa na mwenzake wa mgodini, Danford, pamoja na blanketi la marehemu. Kaburi lilibaki hukohuko. Tulinagwe alilipokea blanketi, akalinusa, kisha akapiga ukunga uliosikika mpaka kilima cha pili.

Wanawake walikuwa bado wanakusanyika uani alipoingia Mwinjilisti Asajile, kitabu kwapani, viatu vimeng'arishwa.

"Mama Watson, nyamaza. Kupiga mayowe ni upagani. Sisi tunajua kuna ufufuo."

"Mwanangu amekufa, Mwinjilisti."

"Amelala tu. Mtu aliyelala analiliwa?"

Tulinagwe alimtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyeingia jikoni. Aliyelala huamka akaulizia uji. Akageuza uso, akaendelea kulia siku tatu, mpaka sauti ikamkauka.

Jumapili Asajile alisoma jina la Tulinagwe mbele ya kanisa zima: miezi sita nje ya Meza ya Bwana, kwa kosa la kulia kipagani. Akahamishiwa benchi la nyuma, pamoja na walevi wawili na bwana mmoja aliyeongeza mke. Hapo nyuma alipata nafasi ya kutosha ya kujiuliza huyu mtu husoma kitabu gani. Yakobo alipoletewa vazi la mwanawe lenye damu alikataa kufarijiwa. Daudi alimlilia mwana aliyetaka kumwua. Bwana mwenyewe alitokwa na machozi kwa ajili ya rafiki yake, hali akijua kwamba anakwenda kumfufua. Asajile angewapata hao, angewapanga wote na walevi.

Na huyo Asajile alikuwa na mama, Bibi Ikupa, aliyeishi ng'ambo ya kijito katika kibanda kinachovuja. Kila wiki mwanawe alipita hapo kwa baiskeli akienda kuhubiri upendo vitongojini, akapiga kengele, akapita. Aliyemchotea bibi maji na kumkorogea uji wa ulezi ni Tulinagwe. Mwezi wa tatu wa adhabu yake, asubuhi moja, Bibi Ikupa alikata roho mikononi mwake.

Asajile alifika kabla ya adhuhuri. Aliegemeza baiskeli kwa uangalifu. Akavua koti, akalikunja, akamkabidhi mzee wa kanisa, Kefa. Kisha akatoa gunia lililokwisha kutobolewa shingo na mikono, akalivaa, akajipaka majivu kichwani, laini, bila hata kipande cha mkaa. Baada ya hapo ndipo alipojitupa chini.

"Mama yangu! Nani atakutunza huko uendako? Nani atakupikia?"

Tulinagwe nusura acheke. Mpishi alikuwa amekaa hapohapo, masizi bado mikononi.

Asajile alilia, akasikiliza. Akalia tena. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, miguu wameinyoosha, midomo wameifunga. Hakuna aliyempokea kilio.

"Mbona hamlii?" aliuliza.

Roda, mke wa Kefa, alimjibu kwa upole kabisa. "Ulitufundisha, Mwinjilisti. Bibi amelala."

Tulinagwe akainuka. "Mimi nina miezi mitatu nje ya Meza. Wewe utakaa mingapi?"

"Mama Watson, huyu ni mama yangu mzazi!"

"Na Watson nilimwokota wapi?"

Majivu yalimdondokea Asajile puani, akapiga chafya. Alibaki amepiga magoti ndani ya gunia, anawashwa, anajikuna ubavuni.

Lakini mwili uliposhushwa kaburini, Tulinagwe alimkumbuka yule kizee alivyokuwa akipuliza uji kwa kinywa kisicho na meno, na kilio kikamtoka chenyewe. Wanawake wakampokea, wote kwa pamoja, na bonde likajaa. Asajile alisimama kando. Alijua fika kwamba hawakuwa wakilia kwa ajili yake.

Jumapili iliyofuata alipanda madhabahuni kana kwamba hakuna lililotokea, akaanza kuita washirika Mezani. Kefa akasimama.

"Ama wote wawili nje, ama wote wawili ndani. Chagua, Mwinjilisti."

Hakuchelewa kuchagua. Huruma aliyomnyima Tulinagwe kwa miezi mitatu aliipata papo hapo ilipomhusu yeye. "Ndani," alisema, akiangalia sakafu.

Tulinagwe alitoka benchi la nyuma, akapita mbele pole pole. Alipokea mkate kutoka mkono ule ule, akimkazia macho. Alipokwisha kurudi akaketi katikati ya wanawake, akaanza kumlilia Watson kwa sauti. Asajile alifungua kinywa, akakifunga, akasubiri hadi alipomaliza.