Saini Ilikuwa Yangu

Kwa miaka kumi na tisa Bi Zege alifanya kazi moja maabarani: kupasua zege. Mafundi walimletea vipande kutoka saiti, kila kimoja pande zake zote sawa, naye akavilaza ndani ya birika la maji mpaka zitimie siku ishirini na nane. Siku hiyo alikiweka kipande kwenye mashine, akakibana mpaka kipasuke, kisha akaandika kwenye fomu kimestahimili kiasi gani. Jina walimpa mafundi wenyewe, wala hakulichukia. Walisema akikigonga kipande kwa kidole anajua kama aliyekichanganya alikuwa na njaa.

Fomu yenye saini yake haikuulizwa swali. Ndiyo maana balaa lilimpata.

Shule moja ilijengewa bweni la ghorofa tatu. Kabla mwanafunzi hata mmoja hajahamia, nguzo za chini zikaanza kupasuka nyufa. Bodi ya shule ikakataa kulipokea jengo. Mkandarasi akashikilia kwamba amemaliza kazi kama mkataba unavyosema, na nyufa ni za rangi tu. Barua zikapishana mwaka mzima, mpaka wakili wa bodi alipoandika neno ambalo halikuwamo katika barua za mwanzo: udanganyifu. Alisema ripoti saba za zege la nguzo zile zilipikwa. Kitabu cha maabara hakikuonyesha kwamba vipande hivyo viliwahi kupokelewa, sembuse kupasuliwa.

Mkandarasi huyo alikuwa amemwoa mdogo wake Bi Zege. Alijibu kwa barua fupi: kama ripoti zimepikwa, basi mpishi ni karani wa saiti, aliyeiga saini ya maabara ili kazi isisimame. Karani akafukuzwa siku iyo hiyo. Alikana kwa mkandarasi, akakana mbele ya bodi, akakana nyumbani kwake. Miezi mitano baadaye akafa kwa maradhi ya figo, jina la mghushi likiwa bado shingoni mwake.

Bi Zege aliujua ukweli tangu mwanzo. Mama yake alikuwa amelazwa, naye alikuwa anaondoka kwa miezi miwili kwenda kumuuguza. Mchana mmoja shemeji yake alifika maabara na kofia yake ya saiti kwapani.

"Shemeji, vipande vya nguzo vinakuja," alimwambia. "Siku zake zikitimia utakuwa hospitalini. Niachie saini tu. Vijana wako watapasua, watajaza namba."

Shemeji huyo ndiye aliyembeba mama mkwe wake mgongoni kumshusha ngazi siku aliyozidiwa. Bi Zege hakupata ulimi wa kumkatalia. Alitia saini fomu saba tupu, akampa mkononi. Vipande havikuletwa kamwe.

Mama alipona. Bi Zege aliporudi hakuuliza, na karani alipofukuzwa hakusema. Alijiambia kwamba wakipigana tembo, nyasi isiingilie. Alijiambia pia kwamba hakuna aliyemwandikia kumuuliza. Kila asubuhi alifungua maabara, akavaa koti lake, akaendelea kupasua.

Kisha barua ikaja: aende kutoa ushahidi mbele ya mwamuzi aliyeteuliwa kusikiliza shauri la bodi na mkandarasi.

Jumapili kabla ya siku hiyo mdogo wake alimtembelea. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Dada, wewe useme tu hiyo saini si yako," alisema. "Neno moja. Kazi yako inabaki, nyumba yangu inabaki."

"Na karani?"

"Karani amekufa, dada. Marehemu haumii."

"Ana mke. Ana binti."

"Na mimi nina nani?" Mdogo wake alianza kulia bila sauti. "Tumenyonya ziwa moja. Leo unampima mtu baki na mimi?"

Bi Zege alimshika mkono, wala hakumwahidi kitu. Alipoondoka alimsindikiza mpaka barabarani.

Chumba cha shauri kilikuwa na meza ndefu, mafaili yaliyofungwa kwa kamba, na feni iliyokuwa ikikwaruza. Mwamuzi, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kifuani, aliketi kichwani mwa meza. Mjane wa karani alikuwa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani. Wakili wa mkandarasi akamsogezea Bi Zege fomu saba, taratibu, kama mtu anayemsogezea mgonjwa kikombe.

"Mama, hii saini si yako, sivyo?"

"Ni yangu."

Wakili akatabasamu. "Itazame vizuri. Usiwe na haraka."

"Nimeitazama. Zote saba ni zangu. Nilizitia kwenye karatasi tupu. Namba nilikuwa sijaandika hata moja, na vipande sikuvipasua, kwa sababu sikuletewa."

Mwamuzi aliinua kichwa. "Fomu hizo ulimkabidhi nani?"

"Mkandarasi, mkononi mwake, ndani ya maabara. Karani hakuwepo. Hakujua."

Shemeji yake, aliyeketi kando ya wakili wake, aliiangalia meza. Hakumtukana, hakumwita mwongo. Alivua saa yake, akaivaa tena.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Mwamuzi aliandika kwamba bodi ilidanganywa, na aliyeidanganya ni mkandarasi mwenyewe; marehemu karani hakuwa na mkono katika jambo hilo. Nguzo zikatobolewa, zege likapimwa upya, na mbili zikakutwa dhaifu kiasi cha kutisha. Mkandarasi akaagizwa kuzivika zote nondo na zege jipya. Bi Zege akanyang'anywa haki ya kutia saini ripoti yoyote, akahamishiwa stoo. Mdogo wake hakumpigia tena simu.

Lakini kabla ya yote hayo, siku ile ile ya ushahidi, mjane alimngoja kwenye ngazi.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Alikuwa hai."

"Ndiyo, mama. Alikuwa hai."

Mjane alihamishia mkoba begani pa pili. "Jumamosi kaka zake mume wangu wanakuja kwangu. Walimkataa tangu afukuzwe. Uje uwaambie mwenyewe. Nikiwaambia mimi, watasema mke hufunika chungu cha mumewe."

Jumamosi Bi Zege alikwenda. Sebule ilikuwa ndogo, viti vimesogezwa ukutani. Kaka wawili wa marehemu walikuwepo, na binti yake, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama. Bi Zege hakungoja kukaribishwa maji. Alisema yote: hospitali, fomu, mkono uliozipokea, na kwamba ndugu yao hakuiba herufi moja ya jina la mtu.

Kaka mkubwa alisikiliza macho yake yakiwa chini. "Na uliposikia amefukuzwa," akauliza, "ulifanya nini?"

"Nilikwenda kazini."

"Kesho yake?"

"Nilikwenda kazini."

Binti akatoka nje. Kaka mkubwa alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Alikuja kwangu mara tatu," alisema, akimwambia mjane, si Bi Zege. "Nilimwambia asikanyage kwangu mpaka ajisafishe. Mara ya tatu sikumfungulia. Nilimsikia akikohoa pale mlangoni, nikakaa."

Yule kaka wa pili alianza kulia, na kaka mkubwa akainuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu. Hakuna aliyesema kwamba amesamehe. Bi Zege akabaki kitini, mikono mapajani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.